Picha kwa Hisani ya Google

Mmh! Jamani, haya makubwa. Hebu nisaidieni wenzangu, tangu lini tembo wa Ruaha akapakwa rangi ya waridi usoni na kuvishwa kengele shingoni? Maana ndivyo alivyotokea kwenye makala ya binti mmoja wa kidato cha pili, jirani yetu hapa mtaani. Makala yenyewe nzuri, kaiandika kwa uchungu, na kichwa kakipa "Tuwaokoe Tembo Wetu Kabla Hawajaisha". Maneno yote ni ya Ruaha na Selous. Hesabu kazipata sawasawa: mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo 109,051, ilipofika 2014 wamebaki 43,330. Unasoma huku roho inakuuma, unapandisha macho kuitazama picha, unakutana na tembo wa harusi wa kule India! Paji la uso limechorwa maua, mgongoni katandikwa zulia lenye nakshi, na juu ya zulia kaketi bwana mwenye kilemba, anatabasamu.

Simu ikazunguka kijiweni mkono kwa mkono, kahawa ikapoa vikombeni. Muuza kahawa akauliza, tena kwa upole kabisa, "Sasa huyu majangili watampatia wapi? Ukumbini?"

Nikasonya msonyo mrefu, mpaka paka akahama benchi. Jamani, tembo wa Asia na wa kwetu hata mtoto wa chekechea anaweza kuwatofautisha akionyeshwa mara moja. Wa kwetu sikio lake pana, linafunika bega zima, na mgongo wake umebonyea katikati. Wa kule sikio dogo, mgongo umebinuka kwenda juu, kichwa kina vifundo viwili. Ruaha tunayo, Tarangire tunayo, Serengeti ndiyo usiseme, halafu picha tunakwenda kuazima Jaipur, India. Penye miti hapana wajenzi, waliyasema wazee yakawa.

Sasa msimrukie mtoto peke yake. Nimeuliza, nikaambiwa mwalimu kampa alama nzuri na kumwandikia kwa wino mwekundu "picha inavutia". Ehe! Hapo ndipo ulipo ugonjwa wenyewe. Tangu darasa la nne mtoto anaambiwa aweke picha ili kazi ivutie. Hakuna anayemwambia aweke picha ili ithibitishe kitu. Basi naye anaandika kila kitu kwanza, anamaliza, anapiga muhuri wa nukta ya mwisho, ndiyo anakumbuka, "Eh, picha!" Anaingia mtandaoni, anaandika "elephant", anachukua wa kwanza aliyejitokeza. Huyo wa kwanza kamvutia kwa sababu ana rangi nyingi. Na mimi nawaambieni, kwenye makala ya mnyama anayetoweka, picha ni shahidi. Shahidi ukimleta mahakamani akatoa ushahidi wa kesi nyingine, kesi yako imekwisha hata kama wewe ndiye mwenye haki.

Mnakumbuka lile bango la klabu ya mazingira lililobandikwa ukutani, shule sitaitaja? "Wanyama wa Serengeti Walio Hatarini", kwa herufi kubwa za rangi ya kijani. Katikati, chui milia. Chui milia Serengeti! Huyo hata kwa bahati mbaya hajawahi kufika Afrika kwa miguu yake. Mmoja wa wanaklabu akajitetea, "Lakini mzee, si naye yuko hatarini?" Yuko hatarini, mwanangu, tena sana, lakini huko kwao Asia. Pembeni kulikuwa na nafasi ya mbwa mwitu, mnyama ambaye kweli yuko Serengeti na kweli anapungua, akaachwa kwa sababu eti hapendezi. Maskini mbwa mwitu, madoa yake yote yale.

Haya, tuje kwenye lile linaloniumiza mbavu. Chini ya picha ile ya tembo, bila haya wala soni, mtoto kaandika: "Picha kwa hisani ya Google."

Google! Google kalala lini porini? Nani kamwona Google kajikunyata ndani ya gari kuanzia alfajiri, mbung'o wanamla shingoni, anasubiri duma anyanyue kichwa? Kuna mtu mwenye jina lake na mama yake aliyefanya kazi hiyo, na jina lake mara nyingi liko palepale, ukibofya tu ukaingia kwenye ukurasa ilikotoka. Wengine wanajua fika jina lipo, maana limeandikwa kwa maandishi ya ukungu katikati ya picha, limepita juu ya pua ya simba kushuka mpaka mdomoni, na picha inabandikwa hivyohivyo. Simba anaonekana amekamatwa na polisi kashikishwa kibao. Na wala si kwamba hakuna njia. Wikimedia Commons kuna picha kwa mamilioni, wenyewe wameziruhusu zitumike, na wengi wao wanachodai hasa ni utaje jina na leseni ya picha. Jina na leseni! Hapo hujatoa hata shilingi.

Mtaniambia mimi mzee mgomvi, basi ngojeni niwatolee mfano wa chura. Kuna kijana aliandika kuhusu vyura wa Kihansi. Nikafurahi, maana angalau kaacha simba na tembo kakumbuka wadogo. Tena habari yao ni tamu kuliko tamthilia: vyura waliogunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, wakiishi kwenye manyunyu ya maporomoko, kaeneo ambako ukianza kutembea hujapata jasho umeshakamaliza. Likajengwa bwawa la umeme, maji yakapungua, manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 wakachukuliwa vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Hapa kijiweni wote kwa pamoja hatujapanda ndege mara nyingi namna hiyo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena, na mwaka 2012 watoto na wajukuu wa wale wasafiri wakaanza kurudishwa korongoni kwao, kukiwa kumetegwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko.

Hayo yote kijana kayaandika, Mungu ambariki. Picha aliyoweka? Dude la chura, jeusi, lina mabaka, limejaa ukurasa mzima, limekodoa macho. Wa kwenye mtaro wa nyuma ya soko! Chura wa Kihansi mkubwa kuliko wote hafiki hata sentimita tatu. Ana rangi ya njano, ngozi inaelekea kuonyesha ya ndani, na ukimweka kwenye ukucha wa dole gumba anapata pa kukaa. Udogo huo ndio habari yenyewe! Ndiyo maana aliweza kuishi ndani ya kaeneo kale, ndiyo maana watu walishangaa kwa nini kiumbe kama kile kisumbue mradi wa umeme wa nchi. Zipo picha amekaa juu ya kidole cha mtu. Picha moja ya kidole, na msomaji anaelewa kila kitu bila kuambiwa. Wewe unamwekea dubwana la mtaroni, msomaji anasema moyoni, "Hili nalo tunalililia?"

Na picha ina uzito, wala msidhani natia chumvi. Mnamjua kipunji? Yule kima wa Rungwe na Udzungwa, mwenye nywele zimesimama utosini. Wanasayansi walipomtangaza duniani mwaka 2005 hawakuwa na mzoga, hawakuwa na fuvu, walikuwa na picha. Kwa kawaida spishi mpya hutangazwa kwa mfano halisi uliohifadhiwa makumbusho, lakini hawa wakasema mnyama mwenyewe ni adimu, hatumuui kwa ajili ya kumwandika, picha hii ndiyo ushahidi. Ikakubalika. Baadaye ndipo akapatikana mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, wakamchunguza mpaka vinasaba. Kwa hiyo kuna kiumbe Tanzania hii kilichoingia kwenye vitabu vya dunia kwa picha, na sisi huku tunabandika tu ili ukurasa usionekane mtupu. Loo!

Ngoja nivute pumzi. Nipe kashata hiyo.

Sasa hili la sokwe mtaniuliza, "Mzee, na hili nalo lina ubaya gani?" Binti mwingine, mpole, msomi, kaandika kuhusu sokwe wa Gombe na Mahale. Picha kaweka mtoto wa sokwe kavishwa nepi na fulana, kapakatwa na dada wa Kizungu, wote wawili wanacheka. Kijiwe kizima kikasema, "Aaaah, jamani, kazuri hako!" Mnaona? Mmeshasahau kwamba kanatoweka! Mmeanza kuuliza anauzwa bei gani!

Na si maneno ya kijiweni haya. Mwaka 2011 watafiti wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park, kule Chicago, walichapisha jambo hilohilo. Waliwaonyesha watu picha za sokwe. Sokwe yuleyule, picha ileile, ila kwa wengine yuko peke yake, kwa wengine kasimama karibu na mtu. Waliomwona na mtu walikuwa wepesi zaidi, kwa zaidi ya asilimia 30, kuamini kwamba huko porini sokwe wako tele na hali yao ni njema. Na walikuwa wepesi zaidi vilevile kudhani kwamba anafaa kufugwa nyumbani. Yaani mwandishi anapiga kelele kurasa tatu "wanaisha, wanaisha", na picha yake mwenyewe iko pale juu inamjibu "wapo tele, mchukue mmoja". Mwaka 2021 wataalamu wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wakatoa mwongozo mzima wa picha za jamii ya nyani na sokwe: usijipige picha umembeba, na mkionekana pamoja, basi umbali wa mita 7 uonekane. Huyo wa nepi mita saba ziko wapi? Hata sentimita saba hakuna.

Hapo mwalimu mmoja mstaafu, anayekaa mwisho wa benchi na huwa haongei mpaka awe na hakika, akanibana. "Na ile picha ya Sudan je? Si ina mtu na mnyama?" Kweli, swali zuri. Sudan, yule faru dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini, aliyefia Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018. Mpiga picha Ami Vitale alimpata akiwa kalala chini, mlinzi wake Joseph Wachira kamwinamia, kichwa kwa kichwa, anamuaga. Nilimjibu hivi: picha hiyo itazame halafu uniambie kama unatamani kumfuga faru. Hutamani. Unatamani kunyamaza. Mtu aliyeko pale yuko kazini, kazi ya kuwalinda, na kazi hiyo imefika mwisho mbele ya macho yake. Lakini mwanafunzi akiichukua akaibandika na kuandika "mtu na faru wakipumzika", ambavyo nimewahi kuona, basi kamzika Sudan mara ya pili. Waliobaki ni majike wawili, Najin na mwanawe Fatu. Sentensi hiyo moja ilipaswa kukaa chini ya picha ile.

Maana maelezo ya picha nayo ni msiba mwingine. "Hii ni picha ya simba." Ahsante sana! Tulidhani ni birika. Kazi ya yale maneno ya chini ni kutuambia kile ambacho jicho haliwezi kukiona: yuko wapi, lini, anafanya nini, kwa nini huyu na si mwingine. Na wakubwa nao huteleza, tena vibaya. Mwaka 2017 ilisambaa duniani video ya dubu mweupe wa nchi za barafu, kakonda mifupa inahesabika, na jarida la National Geographic likaandika kwamba hivyo ndivyo mabadiliko ya tabianchi yanavyoonekana. Watu wakalia. Mwaka uliofuata jarida lenyewe likakiri limevuka mpaka: huyo dubu mmoja hakuna aliyejua kilichomkondesha, kama ni njaa ya barafu kupungua, ni ugonjwa, au ni uzee. Barafu inapungua kweli, hilo halina ubishi. Lakini waliompa dubu maneno ambayo hakuyasema waliwapa wapinzani wao fimbo ya bure.

Aaah, na hamjasikia ya Brazil! Sogeeni. Kule kuna mnyama mkubwa mla-mchwa, mwenye pua ndefu, kidogo anafanana na mhanga wetu. Mpiga picha mmoja, Marcio Cabral, alishinda tuzo mwaka 2017 kwenye mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayoendeshwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London. Picha ilikuwa ya ajabu: usiku, nyota, kichuguu kinawakawaka taa za wadudu, na mla-mchwa anakinyemelea. Majaji wakapagawa. Miezi ikapita, akatokea mtu akasema, "Samahani, huyo mnyama mbona namjua?" Anamjua kutoka wapi? Kutoka getini! Kwenye lango la hifadhi ya Emas kulikuwa na mla-mchwa wa maonyesho, aliyekaushwa na kujazwa. Wataalamu wakakaa, wakalinganisha alama za manyoya, mkao, kichwa, wakasema ni huyuhuyu. Aprili 2018 tuzo ikafutwa. Mwenyewe alikana, na akaendelea kukana. Nacheka mpaka machozi: mnyama kafa zamani, kajazwa, kasimama getini anapokea wageni, halafu anashinda tuzo ya wanyamapori!

Kilichomponza mpiga picha ni kwamba mnyama yule alikuwa na majirani waliomjua sura. Sasa siku hizi kuna akili mnemba, na faru wake hana hata geti la kusimama. Nimeletewa mmoja hapahapa, wa makala ya faru weusi wa Ngorongoro. Machweo ya dhahabu, ukungu, manyoya ya kope moja moja. Pembe zake mbili zimekaa kushoto na kulia! Faru wetu pembe zake hufuatana, moja mbele nyingine nyuma, juu ya pua. Na mdomo wa faru mweusi wa juu una ncha, ndio anaovutia majani ya vichaka. Huyu alichorewa mdomo mpana wa kulia nyasi. Nikamuuliza kijana, "Huyu umempiga wapi?" Akasema, "Nimemtengeneza." Amemtengeneza! Walioko porini wanahesabika kiasi kwamba walinzi wanawajua mmoja mmoja, yeye kaongeza wake sebuleni.

Yako mengine nayapitia haraka, maana jua linazama. Mizoga: picha ya tembo aliyekatwa uso weka moja ikibidi, tena usiiweke juu kabisa, maana mtu akifungua simu akakutana na damu anafunga, na makala yako kaiacha hapo. Uzito: picha ya megabaiti nane kwa msomaji mwenye bando la jero, bando linakatika mkonga bado haujatokea. Na mahali: picha ya faru iliyopigwa kwa simu inaweza kubeba ndani yake alama ya pale ulipokuwa umesimama. Jangili naye anasoma. Zima hiyo alama kabla hujaposti, na usiandike "karibu na mti fulani, kona ya pili".

Nani atawafundisha haya? Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe wa Gombe, alikaa na wanafunzi 12 barazani kwake Dar es Salaam mwaka 1991, ndipo ikaanza programu ya vijana ya mazingira, Roots & Shoots, ambayo leo iko katika nchi nyingi za dunia. Benchi lilitosha. Kwa hiyo wewe unayenisoma, kama una mwanao au mdogo wako anayeandika kuhusu wanyama, leo jioni mwite, mwambie afungue hiyo kazi yake. Muulize maswali matatu tu: huyu ni mnyama yuleyule unayemwandika? Nani kampiga picha? Amepigwa wapi? Akikujibu, mpe soda. Akisema "Google", aifute, na kesho umpeleke akapige mwenyewe hata picha ya popo wa kwenye mwembe.